Glasi Aliyoniachia Baba

Kama hukusoma safu hii Jumamosi iliyopita, hujapitwa na jema lolote. Mimi ni Reuben Larter, mzaliwa wa Norwich, miaka arobaini na saba, na nilimpoteza baba yangu mzazi nilipotoka dakika kumi kwenda kununua mkate.

Nirudi nyuma kidogo. Dada yangu Glenda alisafiri siku mbili kwenda kumwona mjukuu, akaniachia Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita mtu wa ukoo wetu kuniachia kitu kikubwa kuliko mwavuli. Baba ana miaka themanini na moja, kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka, na ana kisukari. Saa tatu na nusu asubuhi nikamchoma sindano yake ya insulini, vizuri kabisa, kama Glenda alivyoniandikia kwenye karatasi. Halafu nikafungua kabati nikakuta hakuna chakula.

Mwenye kisukari akishachomwa sindano lazima ale. Asipokula, sukari mwilini inashuka, anatoka jasho, anayumba, ulimi unakuwa mzito, mwisho anazimika. Na hilo pia Glenda aliliandika, kwa wino mwekundu, akalipigia mistari miwili.

Niliporudi na mkate, kiti cha Baba kilikuwa kitupu na kofia yake ya sikukuu haikuwa msumarini.

Mliniacha sokoni, saa saba kasoro, nikiwasumbua wauza samaki. Polisi walikuwa wamechukua maelezo yangu kwa upole, wakasema watamtafuta. Nikiwa nimesimama pale, nikaiona tarehe kwenye gazeti la mtu. Machi tisa. Siku ya kuzaliwa ya Mama.

Nikajua alikokwenda.

Mama yangu Ivy alikuwa mhudumu wa baa maisha yake yote. Alifanya kazi katika baa nne za kale za mji huu, zile ambazo watu wanatoka mbali kuja kuziona, zenye dari za kugonga kichwa na sakafu iliyopinda. Tangu alipofariki, kila Machi tisa mimi na Baba tulizizunguka zote nne, glasi moja kila baa, kwa mpangilio uleule aliozifanyia kazi. Baba aliuita mzunguko huo misa yake.

Miaka miwili ya mwisho sikwenda. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya pombe. Mwaka wa pili nilikuwa nimeiacha. Nilipoingia mitaani siku ile nilikuwa na miezi kumi na nne bila tone. Glenda alikuwa ameniambia waziwazi: ukionja tu, Baba humwoni tena.

Baba mwenyewe hakuwahi kuelezwa lolote. Kwetu jambo la aibu halisemwi, linawekewa birika la chai na kubadilishiwa mazungumzo.

Basi nikapiga moyo konde, nikaanza na baa ya kwanza.

"Huyo hapo," alisema Trevor Mobbs kabla mlango haujajifunga nyuma yangu. Trevor ndiye mwenye baa hiyo, Kengele Iliyopasuka, mtu mnene na mpole ambaye amewahi kunibeba mgongoni mpaka kwenye teksi. "Nilidhani umehama mji, kaka."

"Baba amefika hapa?"

"Saa tano nafungua, namkuta amesimama mlangoni kama mkaguzi wa afya. Kanywa yake, kaondoka. Na wewe kakuachia ya kwako." Akachukua glasi, akaiweka chini ya bomba.

"Usimimine."

Mkono wa Trevor ukasimama. Ni desturi yetu: ukimtangulia mtu baa, unamnunulia ya kwake, inamsubiri. Kuikataa ya rafiki ni utovu wa adabu. Kuikataa ya baba yako, siku ya kuzaliwa ya mama yako, sijui hata inaitwaje.

"Nisimimine?"

Ningeweza kusema, Trevor, nimeacha. Maneno mawili tu, na mgongo wake ungekuwa wa kwanza kufurahi. Lakini palikuwa na wazee watatu kwenye kaunta, na wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie vizuri. Uso ukanichoma.

"Niko kwenye antibiotiki," nikasema. "Jino."

Huo ndio uongo wetu wa kawaida. Mtu wa hapa asiyetaka kunywa na asiyetaka kuulizwa husema yuko kwenye antibiotiki, na hakuna anayeendelea kumhoji. Kwa hesabu hiyo nusu ya mji ina meno mabovu.

"Pole," alisema Trevor, akarudisha glasi rafuni.

"Alikula chochote?"

"Pakiti moja ya ngozi ya nguruwe ya kukaanga. Mbona unauliza kama muuguzi?"

Hapo nilipaswa kumwambia kuhusu kisukari. Lakini Baba aliwaficha wenye baa wote, akiogopa wakijua watamnyima bia, na aliniapisha nisiseme. Nikanyamaza. Mtaona nilivyonyamaza mara nyingi siku ile, na mara zote nikidhani ninamhifadhi mtu.

Nikakimbia.

Baa ya pili inaitwa Mwanamke Kimya. Juu ya mlango wake kuna picha ya mwanamke asiye na kichwa. Ndani kuna Pauline Catchpole, mwenye kichwa na mdomo unaofanya kazi kwa niaba ya wote wawili.

"Umechelewa, mwanangu. Angalia."

Akanionyesha meza ndogo pembeni ya moto. Glasi ilikuwa imejaa, povu limekwisha. Baba alikuwa amekataa isubiri kwenye bomba. Alitaka imiminwe, aione.

"Amekaa hapo mbele yake nusu saa," alisema Pauline. "Anaongea nayo. Reuben hivi, Reuben vile. Nikamuuliza, Wilf, mwanao anakujibu? Akasema anakuja, anafunga tu kamba za viatu."

Nikaegemea kaunta.

"Kaa basi uinywe. Haijaharibika sana."

"Siwezi, Pauline. Antibiotiki. Jino."

"Jino gani la kukataa bia? Mama yako alianza uchungu wa kukuzaa akiwa amesimama hapohapo ulipo, na alimaliza kuwahudumia watu wanne kwanza."

"Alikuwaje, Baba? Alikuwa anatoka jasho?"

"Alikuwa mwekundu kidogo. Umri ule na bia mbili, ungekuwaje?" Akanitazama vizuri. Pauline ana moyo mzuri kuliko ulimi wake. "Una nini wewe? Umebadilika rangi. Ngoja, nawapigia Mapipa Saba wamzuie asitoke."

"Waambie wampe kitu ale. Kitu kitamu."

Akapiga. Nikamsikia akisema, "Shona? Wilf Larter kafika? Mshike hapohapo, mwanawe yuko njiani. Hapana, kijana hali yake si nzuri. Anatumia dawa. Hata bia imemshinda, fikiria. Haya, na mzee mpe kitu kitamu ale."

Nilisikia kila neno, na sikufungua mdomo. Nilijisemea kwamba uongo wa jino hauwezi kwenda mbali.

Ulikwenda kwa simu, ukanitangulia.

Mapipa Saba, baa ya tatu, iko ng'ambo ya mto. Kwa mtu wa makamo asiyefanya mazoezi ni mwendo wa dakika kumi na tano, na nilitumia tisa. Shona, mwenye baa, alikuwa chini ghalani akibadilisha pipa. Ndani palikuwa na wanaume wawili tu, wageni, na daftari mezani. Ni wale watu wanaozunguka nchi nzima wakitembelea baa za kale na kuziwekea alama kama watu wanaokusanya stempu.

"Mmemwona mzee mmoja mwenye kofia ya kijivu?"

"Wilfred?" alisema mmoja, mwenye ndevu. Aliitwa Clifford. "Tumempiga picha. Tulidhani ni sehemu ya jengo."

Akacheka, akanionyesha simu. Baba alikuwa ameketi chini ya saa ya ukutani, saa nane kasoro dakika ishirini. Uso wake uling'aa jasho na kola ilikuwa imelowa. Mbele yake glasi mbili, na sahani yenye kipande cha keki ambacho hakijaguswa.

"Keki hakuila?"

"Hakuwahi. Yule mama wa kaunta alimletea, akamwambia apumzike, mwanawe anakuja. Mzee akauliza kwa nini mwana anachelewa. Mama akamwambia mwanawe mgonjwa, yuko kwenye dawa."

Nikajua kinachofuata kabla hajakisema.

"Basi mzee akasimama," alisema Clifford, na sasa hakuwa anacheka. "Akauliza, hospitali gani? Mama akasema hajui, hakuambiwa. Mzee akasema yeye anaijua. Tukamwambia akae, ameshayumba. Akasema mkewe alikufa mle akiwa peke yake kwa dakika kumi ambazo yeye alikwenda kununua magazeti, na mwanawe hatakufa peke yake. Akatoka. Hata bia yake hakuimaliza."

Nilikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia Baba.

Hospitali aliyoijua Baba haipo. Ilihamishiwa nje ya mji zamani, na majengo yake yakagawanywa kuwa nyumba za watu. Baba alikuwa ametoka na jasho lake, na njaa yake, kwenda kunitafuta mimi mahali ambapo hapana daktari hata mmoja. Nilitoa simu niite msaada. Ilikuwa imeisha chaji kwa kupigiwa na kupiga tangu asubuhi.

Mbele yangu palikuwa na ile glasi. Yangu. Bado ilikuwa na povu.

Hapa ndipo ninapotaka kuruka aya, lakini niliahidi kuwaambia yote. Niliinywa. Sikuinywa kwa furaha, wala kwa kiu. Mkono ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa ya chumba ulichokulia. Nilifika nusu, nikaonja jinsi ilivyo tamu, nikaogopa, nikaiweka chini. Niliiweka kwa pupa, nusu nyingine ikanimwagikia kwenye shati.

"Umeshamaliza dawa?" aliuliza Shona, akitokea ghalani.

"Shona, niitie gari la wagonjwa. Langoni pa hospitali ya zamani. Waambie kuna mzee anazimika, ana kisukari."

"Wilf ana kisukari?" Alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. "Reuben, unanuka bia. Kaa kwanza."

Sikukaa, na sijui kama alipiga. Njiani nilichungulia kila kichochoro, nikidhani Baba amedondoka kabla ya kufika, muda ukaniishia.

Langoni pa hospitali ya zamani nilimkuta mwanamke anashusha mifuko ya ununuzi kutoka kwenye gari. Nilimwuliza nikihema kama punda.

"Yule mzee mlevi? Samahani, ni wako? Nimemweleza mara tatu kwamba hapa wanaishi watu. Alikaa kwenye ngazi zetu akasema anamsubiri daktari atoke. Baadaye ulimi ukawa hausikiki."

"Yuko wapi?"

"Yule mwenye baa ng'ambo ya barabara alikuja kumchukua. Alimshika mkono vizuri tu."

Niligeuka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Njiwa Wawili, baa ya nne, ya mwisho katika misa ya Baba. Ndiko tulikokuwa tukikaa wiki zote zile Mama alipolazwa.

Na ndiyo baa pekee mjini ambamo nimepigwa marufuku ya maisha.

Nigel Thirtle, mwenye baa, ni mtu wa mambo ya zamani. Bado anafunga saa nane na nusu mchana na kufungua tena jioni, kama baba yake na babu yake. Dirishani alikuwa na kioo cha kuchongwa maua kilichokuwa hapo tangu enzi za babu wa babu yake, kioo ambacho wageni kama Clifford walikuwa wanakuja kukipiga picha. Miaka mitatu iliyopita nilikivunja kwa kiti. Sasa pale pana kioo cha kawaida.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Nikagonga mlango wa pembeni kwa ngumi zote mbili.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukakamatwa na mnyororo.

"Bwana Thirtle, ni mimi."

"Naona ni wewe."

"Baba yangu yumo humo."

"Amelala. Akiamka nitampeleka kwake mwenyewe, kwa gari langu. Wilf ni mtu wa heshima, na Ivy alikuwa bora zaidi. Wewe unajua masharti yako."

Juu ya bega lake niliona benchi, na viatu vya Baba, na koti la mtu alilofunikwa.

"Hajalewa. Ana kisukari. Alichomwa sindano na hajala. Mpe sukari, juisi, asali, chochote ulicho nacho."

"Wilf ana kisukari?"

"Huu mwaka wa pili."

"Machi iliyopita alikaa na mimi hapa mpaka nafunga. Hakutaja kisukari."

"Aliogopa hungemuuzia."

Thirtle alijikuna shavu. Si mtu katili. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Reuben, mwaka ule wa kioo ulisema una kifafa. Miaka mingi kabla ya hapo ulikuja ukaniambia mama yako amefariki, nikakumiminia ya pole, nikalia mbele yako. Mama yako alikuwa hai ng'ambo hapo. Aliishi wiki nzima baadaye. Nilikwenda kumwona na maua ya msiba mkononi, mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilikuwa nimelinywea mpaka likasahaulika.

"Basi ita gari la wagonjwa," nikasema. "Usinifungulie mimi. Waite wao."

"Niliwahi kuliita kwa ajili yako. Uliwatapikia."

Halafu akasogeza pua kwenye ule upenyo, akavuta hewa. Nikaona macho yake yakishuka kwenye shati langu.

"Umekunywa leo?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa na kuchana nywele. Ni shati tu, Bwana Thirtle, mtu kanimwagia. Hata ingekuwa nusu ya kweli. Ningesema hapana, angeweza kuniamini, angefungua. Ningesema ndiyo, ningekuwa mlevi anayemwombea sukari mlevi mwenzake, na Glenda angesikia kabla ya jua kutua, na Baba nisingemwona tena hata akipona.

Kule ndani Baba alikoroma mara moja, mkoromo mrefu wa ajabu, kisha sikumsikia tena.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekunywa. Nusu glasi, Mapipa Saba, sasa hivi. Nilikuwa nimeacha miezi kumi na nne na sikuwaambia wenye baa, nikawadanganya wote kwamba ni jino. Huo uongo ndio uliomtoa Baba kule, akaja kunitafuta hospitali. Na sindano nilimchoma mimi, kabla sijaangalia kama nyumbani kuna chakula. Kila kitu ni mimi. Nifungie hata kaburini, Bwana Thirtle, lakini huyo hajalewa. Anakufa. Mwite jina uone kama ataitika."

Thirtle akageuza shingo.

"Wilf," aliita.

Kimya.

"Wilf, bwana wangu. Amka."

Mkono wa Baba uliteleza kutoka chini ya koti, ukaning'inia pembeni ya benchi, vidole vikigusa sakafu. Haukujirudisha.

Thirtle akanigeukia. Uso wake sikuweza kuusoma. Akaweka mkono kwenye mlango, akausukuma, ukafunga mbele ya pua yangu.

Mlango wa mnyororo huwezi kuufungua mpaka kwanza uufunge, ndipo mnyororo ulegee na utolewe. Hata mtu anayetaka kukuacha nje huufunga vivyo hivyo.

Nikalaza sikio kwenye mbao, nikaizuia pumzi yangu yenye harufu ya bia, nikisubiri kusikia chuma kikivutwa.